Ngazi ya Byere, Ngazi ya Sukre

Binti wa jirani yangu alikuja kuniuliza kama kazi ya buveti, kuuza vinywaji ndani ya boti, ni ngumu. Nikamwuliza, unajua kuhesabu? Akasema, ndiyo, Mama Tabu, niko na diploma. Nikamwambia, hesabu viti vya baraza hii. Akahesabu: sita. Nikamwambia, hesabu tena. Akacheka. Basi, kazi hiyo hajaipata, na mimi ndiye niliyemnyima.

Ninyi vijana wa Kasongo na wa Kabambare mnaopanda boti siku hizi na kuona buveti yenye friji, taa za rangi na muziki, mnadhani kazi ni kufungua chupa. Kufungua chupa hata mbuzi angefundishwa. Mimi nimesimama ndani ya buveti ya boti miaka kumi na tisa, kutoka bandari yetu ya Kasongo, kupita Nyangwe, kushuka mpaka Kibombo na kupanda tena. Nimeuza byere, yaani bia, nimeuza sukre, yaani maji matamu ya chupa kwa wasiogusa pombe, nimeuza chai, mayai ya kuchemsha na maneno matamu. Maneno ndiyo yaliyotaka kutuua siku moja. Nitafika huko.

Aliyenifundisha ni Papa Sumaili, mzee mfupi mwenye shati moja jeupe lililokuwa safi kila siku, hata leo sijui alilifua saa ngapi. Somo la kwanza: chupa inafunguliwa mbele ya macho ya mwenye kuinywa, ajue haina sumu. Wiki yangu ya kwanza nilifungua chupa tatu ndani ya buveti, nikawapelekea watu watatu wa Kabambare waliokaa pamoja. Hakuna aliyegusa. Wakaziangalia zile chupa kama vile nimewaletea nyoka. Papa Sumaili akazichukua, akazinywa yeye mwenyewe, moja, mbili, tatu, mbele yao, kisha akawafungulia nyingine. Jioni akaniambia: "Tabu, leo umenilewesha bure. Kesho utakunywa weye."

Somo la pili: baridi bila friji. Tulikuwa tunafunga chupa ndani ya wavu, tunazizamisha nyuma ya boti, kisha tunazifunika magunia yaliyolowa na kuziacha kwenye upepo. Mteja akilalamika ni ya moto, unamwambia, gusa kioo, usiguse roho yako.

Somo la tatu lilikuja kwa kosa langu. Karibu na kisiwa kimoja niliona kiboko ametoa masikio juu ya maji, nikapiga kelele: "Kiboko!" Watu wote wakakimbilia upande wa kuume kutazama. Boti ikalala ubavu, maji yakaingia mpaka chini ya mabenchi, kuku wakaelea ndani ya vitunga vyao. Papa Sumaili hakunipiga. Alinikamata sikio tu, akanivuta mpaka kwenye makasha ya chupa.

"Unaona? Chupa iliyojaa iko jiwe. Unaiweka hapa, inakaa hapa. Mutu aliyejaa iko maji. Anakimbia kule wengine wanakimbia. Ndani ya boti mutu hapana piga kelele. Hata ukiona kifo, kiite kwa sauti ya kuuza mayai."

Nilidhani ni maneno ya mzee. Yalikaa ndani yangu miaka mingi bila kazi.

Papa Sumaili alipostaafu, patroni wetu, mwenye boti, alibadilika. Alikuwa amenunua simu kubwa, akaanza kutazama picha za meli za baharini zile zenye ghorofa kumi na mbili, ambamo mtu analipa mara moja tu kisha anakunywa mpaka mwisho wa safari, na tajiri anakaa chumba cha juu na kuletewa kila kitu. Akaja na ile simu mpaka buveti.

"Mama Tabu, tazama. Hawa wazungu wananunua kinywaji kwa forfe, kama vile siye tunanunua forfe ya intaneti. Unalipa, unatumia mpaka inaisha."

"Intaneti mutu hawezi kumpa mukwe wake ndani ya bilauri, patroni," nikamwambia.

Hakusikia. Aliita fundi, akajenga chumba cha mbao juu ya paa la boti, akakipaka rangi ya buluu na kukiita Kabini ya Heshima. Ndani kulikuwa na godoro la sponji, kioo, pangaboi la kuzunguka mashine ya umeme ikiwaka, na choo chake chenye ufunguo. Mbele ya kabini palibaki uwanja wa mbao wenye viti vinne. Kupanda huko kulikuwa na ngazi mbili za chuma, moja ubavu wa kushoto, moja ubavu wa kuume. Kapiteni Omari, mwendesha boti wetu, aliizunguka ile kabini, akaipiga piga kwa ngumi, akasema: "Kichwa ya boti imekuwa kubwa kuliko tumbo." Patroni akasema Kapiteni hana maono.

Kazi ya kuuza ile kabini ilikuwa yangu. Na hapa ndipo ninapotaka msikilize vizuri, kwa sababu kosa ni langu, wala sitaki mlitupe kwa patroni.

Alikuja bwana mmoja jina lake Kalonda, mnunuzi wa dhahabu, kijana wa miaka arobaini hivi, na mke wake. Viatu vyake vilikuwa safi, na kwa mtu aliyetoka Kabambare kwa pikipiki wakati wa mvua, hiyo ni ishara kwamba anabeba jozi mbili za viatu. Akaipenda kabini, bei akaikataa. Tukavutana pale gatini. Nikampa kikapu cha mayai: hapana. Nikampa maji ya moto asubuhi: hapana. Nikampa forfe ya byere na sukre, yeye na mke wake, mpaka Kibombo: akaanza kukuna kidevu.

"Ongeza kitu, mama."

"Na ruhusa ya kupokea wageni kule juu."

"Wageni wangapi?"

"Wote unaopenda, baba. Kabini iko yako."

Akalipa. Nikajisifu njia nzima mpaka buveti. Mimi ninayehesabu viti mara mbili, kitu hicho sikukihesabu hata mara moja.

Tulipokuwa karibu kuondoka zilifika pikipiki, na nyuma yake watu wa miguu, matope mpaka magotini: ukoo mzima kutoka Wamaza, wanaenda arusi Kibombo. Wakristo na Waislamu wamechanganyika kama ilivyo kwetu, ndugu wa tumbo moja, huyu na rozari, yule na kofia. Wakakata tikiti za chini, wakaketi juu ya magunia ya mchele kati ya mabenchi. Mbele yao bibi mmoja mwembamba, Bibi Mwavita, na kitambaa cha manjano kichwani.

Mwendo wa saa moja hivi, Bwana Kalonda anatoka kabini kunyoosha miguu. Anainama kutazama chini. Anaona kile kitambaa cha manjano. Ni mama wa mke wake.

Kwa wale waliozaliwa mjini niwakumbushe: kwetu mwanamume hawezi kuketi kitini huku mama mkwe wake ameketi juu ya gunia chini ya miguu yake. Afadhali avue nguo sokoni. Nilimwona Bwana Kalonda amerudi nyuma kama aliyeunguzwa. Akashuka mbio, akapiga magoti mbali kidogo, macho chini, kama inavyopasa.

"Mama, hapana kaa hapa. Pandeni. Muko wageni wangu."

"Siye wote?" akauliza Bibi Mwavita.

"Wote, mama."

Mtu hamwiti mama mkwe akawaacha ndugu zake. Wakapanda. Nikawahesabu wakipita mbele ya buveti, si kwa hekima, ni ugonjwa wangu tu: thelathini na wawili. Nikahesabu tena kwa vichwa nilipopeleka kasha la kwanza: thelathini na wawili. Jumlisha mwenye kabini na mke wake. Chini watu themanini. Jile za kuelea, zile za kuvaa mtu asizame, arobaini na moja, tena tatu kati yake hazina kamba.

Mwanzoni ilikuwa furaha tu. Bwana Kalonda akinywa bilauri anampa shemeji, shemeji anampa mjomba, ile forfe ya watu wawili ikaanza kutembea kama mboga ya kilio. Patroni angeona angelia. Mimi nilikuwa nafungua chupa mbele ya macho, moja baada ya moja, nikifikiria namna ya kubishana naye tukifika.

Kisha nikaona bilauri.

Mwuza kinywaji ndani ya boti hatazami mto, anatazama bilauri. Boti ikiinama, byere inapanda upande mmoja, kisha inarudi. Boti nzuri inarudi upesi. Boti mbaya inafikiri kwanza. Ile ya mbele yangu ilipanda upande wa kushoto, ikakaa. Nikasema, moja, mbili, tatu, nne. Ndipo ikarudi. Halafu ikapanda upande wa kuume, ikakaa tena.

Nikaweka kifungulio mfukoni, nikaenda mbele kwa Kapiteni Omari. Nilimkuta jasho linamtoka kidevuni, mikono miwili juu ya usukani.

"Umeona?" akanong'ona.

"Nimeona kwa bilauri."

"Kwenda mbele hivi, bado tunaweza. Lakini Nyangwe lazima nigeuze. Maji inatusukuma toka nyuma. Sitaweza kufika gatini bila kugeuza pua iangalie tulikotoka. Nikigeuza, mto itatupiga ubavu. Na kichwa iko nzito hivi..."

Akafuta kidevu kwa bega.

"Pita Nyangwe, twende."

"Na mafuta gani? Pipa yetu iko Nyangwe. Tukipita, mashine inazimika kati ya mto. Ni kitu kile kile."

"Dakika ngapi?"

"Ukiona miembe ya Nyangwe, iko dakika kumi. Sasa, tuseme nusu saa."

"Nikiwaambia washuke?"

"Wakishuka mbio ngazi moja, hatutafika hata kule kwa kugeuza."

Nilirudi nimeshika mbao za pembeni. Nilitaka kupiga kelele, siwafichi ninyi. Kelele ile ile ya kiboko. Nikaimeza. Nikapanda ngazi ya kuume polepole, na juu nikatabasamu tabasamu la kuuza mayai.

"Bwana Kalonda, baba. Forfe yako sasa inaingia sehemu ya pili. Ile baridi sana iko chini, ndani ya wavu. Shukeni, nitawapokea kwa heshima."

"Lete hapa juu."

"Ikipanda juu inapata moto, baba."

"Mama Tabu, ulisema wageni wote ninaopenda. Ulisema ao hukusema?"

"Nilisema."

"Basi. Wakwe zangu hawatakaa chini ya miguu yangu. Leta."

Wakacheka. Shemeji mmoja akasema: "Mama wa buveti anaogopa byere itaisha!" Wakacheka zaidi, wakapiga makofi, na kwa yale makofi paa likatikisika. Viti vinne vikasogea peke yake, kidogo, kama unene wa kidole. Hakuna aliyeona. Au nilidhani hakuna.

Nikajua huyu bwana hashuki kwa neno langu. Kuna mtu mmoja tu ambaye akishuka, yeye hawezi kubaki juu. Nikaenda kupiga magoti karibu na Bibi Mwavita. Alikuwa ameketi katikati kabisa, miguu imenyooka, bilauri ya byere mkononi, hajainywa, anaitazama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Weye iko nani?"

"Miye Tabu, kizazi cha Wamaza vilevile, upande wa baba."

"Aa. Sema basi."

"Mama, juu hapa jua iko kali. Ningependa mushuke. Lakini ningependa mushuke wawili wawili. Wa byere ngazi ya kushoto, wa sukre ngazi ya kuume. Kila mutu akishuka anapokea chupa yake, anakaa juu ya gunia, hapana simama tena."

Alinitazama. Akatazama bilauri. Akauliza: "Wa byere wangapi?"

"Ishirini."

"Wa sukre?"

"Kumi na wawili."

"Hailingani."

"Hailingani, mama."

Akamwaga byere yake kwenye mbao, polepole, kama anayewapa wazee wa zamani, akasimama kwa kunishika bega. "Miye nitakunywa sukre," akasema kwa sauti. "Tumbo yangu leo haitaki. Kalonda, mwanangu, natelemuka. Jua inaniua."

Nilimwona Bwana Kalonda akivimba, kisha akasogea kumpisha. Mama mkwe akisema anashuka, utasema nini?

Kumi na tisa na kumi na watatu. Nikaona katekista mmoja wa ukoo, mtu mzima mwenye tumbo. Nikamwambia: "Papa katekista, muuguzi si alikukataza byere?" Sikujua lolote la muuguzi, kwa lile tumbo nilikisia tu. Akashtuka: "Nani amekuambia?" Akavuka upande wa kuume bila kelele. Mama mmoja anayenyonyesha nikamwonyesha mtoto tu, akaelewa, akavuka. Kumi na saba, kumi na watano. Bado mmoja.

Huyo mmoja alikuwa mjomba wa bibi arusi, mwenye kofia ya pama, na kiu ya tangu Wamaza.

"Miye sukre? Miye iko mutoto?"

"Mjomba, ngazi ya byere imejaa."

"Nitangoja."

Nyuma ya kofia yake nikaona miembe ya Nyangwe.

"Mjomba, kunywa sukre sasa, Kibombo nitakupa byere."

"Ngapi?"

Na mimi, Mungu anisamehe, mdomo ukaenda wenyewe kwa mazoea ya miaka kumi na tisa: "Moja."

"Tatu."

"Moja na yai."

Boti ikainama kushoto. Nikahesabu moja, mbili, tatu, nne, tano. Ikarudi.

"Tatu, mjomba! Tatu, zote baridi!"

Akaenda ngazi ya kuume, anacheka. Ndiyo biashara pekee niliyoshindwa mbele ya watu, nami sijaijutia.

Wakaanza kushuka. Nilisimama katikati ya paa, mkono huu ngazi hii, mkono huu ngazi hii, kama askari wa barabarani. "Byere mmoja, sukre mmoja. Wafuatao. Polepole, chupa hazikimbii." Chini msaidizi wangu wa buveti, Feza, alikuwa anagawa chupa, na kwanza, kama ilivyo kawaida, anazifungua mbele ya macho. Hapo nusura nimtupie kiatu, maana kila kizibo kilikuwa kinakula muda. Lakini ningemwambia aache, wangeshuku, na anayeshuku anasimama. Tukaiachia desturi nafasi yake. Kizibo. Kizibo. Watu wanne wawili wawili, watu kumi, watu ishirini. Mashine ya Kapiteni ilishabadilisha sauti, anapunguza mwendo kadiri anavyoweza.

Walipobaki wawili wa mwisho, na Bwana Kalonda na mke wake nyuma yao, bwana akanisogelea.

"Mama Tabu, umeniaibisha. Nimelipa kuketi juu, sasa naenda kukaa kwa gunia."

"Baba, chukua ngazi ya kushoto. Mke wako apite ya kuume. Pamoja."

"Kwa nini pamoja?"

Sikuwa na uongo uliobaki. Nikamtazama tu. Nadhani uso wangu haukuwa tena uso wa kuuza mayai, kwa sababu aligeuka, akautazama mto, akatazama paa tupu, akashika ngazi. Nikashuka nyuma ya mke wake.

Kapiteni akageuza.

Sitaki kuwadanganya kwamba haikuwa kitu. Mto ulitupiga ubavu, boti ikalala kushoto mpaka nikaona maji kwa usawa wa goti langu, na chupa zote za buveti zikaimba. Watu wakasema "Eee!" kwa pamoja. Wakataka kusimama. Bibi Mwavita, juu ya gunia lake, akapiga kofi moja gotini: "Mutu akisimama, arusi iko bila yeye." Wakakaa. Nikahesabu. Moja. Mbili. Tatu. Boti ikarudi. Ikaenda kuume kidogo, ikarudi tena, pua ikatazama tulikotoka, na wavuvi wa Nyangwe walioko gatini wakaanza kututukana kwamba tunavuruga nyavu zao. Sijawahi kusikia matusi matamu kama yale.

Tulipofunga kamba Kapiteni Omari alishuka, akaketi kwenye mchanga, akatazama mikono yake. Bwana Kalonda alimpita, akarudi, akamwuliza kitu kwa sauti ya chini. Kapiteni akamjibu kwa kuonyesha kabini kwa kidole. Bwana Kalonda akaweka mikono kichwani. Halafu akaja kwangu.

"Niliwaita miye mwenyewe," akasema.

"Na miye nilikuuzia ruhusa," nikamjibu. "Tugawane."

Ikanibakia kumwomba radhi bibi. Nilimkuta amebaki peke yake ndani ya boti, chupa ya sukre mkononi, imepungua robo tu. Nikapiga magoti.

"Mama, nilikudanganya. Haikuwa jua."

"Jua gani?" akasema. "Miye nimezaliwa hapa Nyangwe. Baba yangu alichonga mitumbwi. Wakati viti vile vilitembea, nilikuwa nimekaa katikati natafuta nani atanisaidia kuwatelemusha bila kelele. Ukaja."

Kumbe! Nilidhani mimi ndiye niliyemshusha.

Akanirudishia ile chupa, uso umekunjamana kama aliyelamba dawa. "Sasa, binti yangu, leta byere. Hii yako inanikaa kwa meno."

Nikaleta. Nikataka kuifungua mbele ya macho yake kama nilivyofundishwa, lakini kifungulio kikateleza, kikateleza tena. Bibi Mwavita akaninyang'anya chupa taratibu, akaipeleka mdomoni, akaitoa kizibo kwa jino lake la pembeni, akakitema mtoni.